Muhuri wa Ng'ombe wa Mahari

Baba mdogo alikuwa karani wa chama cha wakulima wa pareto, na kazini kwake muhuri ulikaa kwa meneja. Jambo hilo lilimuuma. Alikuwa na kalamu mbili mfukoni, koti la kijivu asilolivua hata juani, na mwandiko uliosifiwa kijiji kizima, lakini muhuri hakuwa nao. Mwaka nilioposwa, mwanzoni mwa miaka ya sabini, akapata sababu ya kununua wake.

Sababu yenyewe ilikuwa ya kweli, lazima nikubali. Dada yangu alipoolewa Magwagwa, wazee wetu walikwenda kwa wakwe kuangalia ng'ombe wa mahari, kama desturi yetu inavyotaka, wakachagua ng'ombe mwekundu aliyenona. Siku ya kuletwa akaja ng'ombe mwekundu, ndiyo, lakini mwenye meno machache kuliko nyanya yangu. Wakwe wakaapa ni yule yule, eti amechoshwa na safari. Sasa mimi nilipopata mchumba, mwalimu wa shule ya msingi huko Nyaramba, baba mdogo alitangaza tukinywa chai kwamba safari hii ng'ombe tutakayemchagua atagongwa muhuri, kama nyama inavyogongwa buchani mjini Kisii.

"Kwani ng'ombe ni barua?" baba akauliza.

"Barua haina miguu," baba mdogo akajibu. "Kitu chenye miguu ndicho kinachohitaji muhuri zaidi."

Akaenda kwa Mhindi mmoja mjini aliyechukua oda za mihuri. Alishinda pale akiwasumbua watu. Muhuri wa pembe nne aliukataa, akasema ni wa risiti za duka. Alitaka wa mviringo, mkubwa, wenye nyota katikati. Alitaka pia jina la ukoo, jina la kilima chetu na mstari wa Biblia. Mwenye duka akamweleza kwamba maneno yakibanana, wino hujaa katikati ya herufi na mtu haoni ila doa. Wakapatana maneno mawili: AMEKAGULIWA, AMEKUBALIWA. Muhuri ukatengenezwa Nairobi, ukaja kwa posta, mpini wake umepakwa vanishi, pamoja na pedi ndani ya bati lake na chupa ya wino wa zambarau.

Basi tukakoma. Aligonga mayai, akagonga mkungu wa ndizi, akagonga mlango wa choo na kitabu changu cha nyimbo. Kwa majuma kadhaa kila kitu nyumbani kwetu kilikuwa kimekaguliwa na kukubaliwa isipokuwa mimi. Jioni aliusugua ule mpira wa muhuri kwa mswaki mzee na maji ya sabuni. Mafuta ya taa aliyapiga marufuku kwa sababu huvimbisha mpira. Pedi aliiweka kifudifudi, ili wino ushukie upande wa kugongea, na ole wake atakayeigeuza. Mke wake alimwambia kwamba yeye mwenyewe hajawahi kusuguliwa mgongo kwa upole namna ile.

Lakini majaribio yote hayo yaliikausha pedi. Kesho yake ikiwa ni siku ya kwenda kuangalia ng'ombe, baba mdogo aliimiminia chupa nzima. Pedi hutiwa matone machache, ikaachwa inywe taratibu. Yeye aliinywesha kama ndama yatima. Ilipofika asubuhi, koti la kijivu lilikuwa na mfuko wa zambarau.

Huko Nyaramba sikuwapo, maana msichana hapelekwi kuwaona ng'ombe wanaomwoza. Nilisimuliwa na esigani, yule mama mshenga wetu, huku akifuta machozi ya kicheko. Baba mdogo alichagua ng'ombe mweusi, mkubwa, mwenye maziwa. Kisha akaomba maji ya moto na wembe, akamnyoa ubavuni kipande cha ukubwa wa sahani. Wenyeji wakadhani ng'ombe wao ameonekana na ugonjwa. Akagonga. Wino ukateremka hadi tumboni. "Simama wima, usiyumbishe muhuri!" akamfokea ng'ombe. Ng'ombe wengine, walipoona yaliyompata mwenzao, walikataa kukaribiwa. Baba mdogo akawageukia wenyeji, akasema maneno yaliyokaribia kuniharibia maisha: "Mwenye muhuri ndiye wetu. Asiye na muhuri msituletee."

Siku ya kuleta ng'ombe mvua ilinyesha kuanzia mchana, kama kawaida yake. Nilikuwa jikoni, jicho kwenye ufa wa ukuta. Waliingia wazee wa upande wa mchumba wangu, yeye mwenyewe nyuma yao na tai iliyolowa, na nyanya yake, ambaye hakuna aliyemwalika. Alikuja kwa sababu alisikia kuna ng'ombe amenyolewa.

Yule mweusi alikuwapo. Pale aliponyolewa pametakata, hapana hata herufi. Kando yake walimfunga mtamba mweupe, mbavu nje, na juu ya zile mbavu kulikuwa na duara la zambarau lenye nyota.

"Wazee," akasema ami yake mchumba wangu, "hawa wawili hulala wameegemeana. Muhuri umehama. Mlituambia mwenye muhuri ndiye wenu, tukaona tusije tukavunja neno. Tumewaleta wote wawili, chagueni."

Mtu mwingine angecheka, wageni wakala, wakaenda zao. Baba mdogo alivaa miwani, akamzunguka yule mtamba, akaikagua nyota.

"Muhuri ni muhuri," akasema kwa sauti ndogo. "Nikiukana leo, kesho nani atauheshimu?"

"Binti yangu hatoki hapa kwa mifupa hii," baba akasema.

"Basi si sisi tuliokataa," akajibu ami, akaanza kufungua kamba.

Nilimwona mwalimu wangu akitazama jikoni. Nilimpenda mtu yule, nasema wazi, na nilikuwa nimemchagua mwenyewe, hakuna aliyenichagulia. Na sasa wanaume wazima walikuwa wanamrudisha kwao kwa ajili ya kipande cha mpira. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nikatoka, aproni na yote, nikatia mkono kwenye mfuko wa koti la kijivu, nikautoa muhuri na bati la pedi, nikaukandamiza kwenye wino, nikamgonga yule mweusi palepale aliponyolewa. Sikuyumbisha.

"Baba mdogo, soma," nikamwambia. "Ana muhuri sasa."

Bibi arusi hafanyi hivyo, na sote tulilijua hilo. Baba mdogo akainama, akasoma, akainuka. "Herufi zimetoka vizuri kuliko zangu," akasema, na nadhani hakuna neno lililomgharimu zaidi maishani mwake.

Ndipo yule nyanya akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi. Kwetu nyanya ana ruhusa ya kumtania yeyote, na mke wa mjukuu wake humwita mke mwenzake. Akaja hadi niliposimama, akaupokea muhuri mkononi mwangu, akaugeuza mkono wangu wa kushoto, akanigonga nyuma ya kiganja.

"Na huyu nimemkagua mimi," akasema. "Mke mwenzangu, mbuya mono, safi kabisa."

Nililia mbele za watu bila haya.

Arusi ilikuwa juma hilo hilo, na ule wino uliohama kwa ng'ombe kwa usiku mmoja haukutaka kutoka kwangu, si kwa sabuni, si kwa majivu, si kwa limau. Kwenye picha zetu nimevaa glovu nyeupe hadi viwiko. Kanisa letu halivishani pete, kwa hiyo hakuna aliyenivua. Mchungaji alipouliza kama nimemkubali mwanamume huyu, nilisema ndiyo. Alipomuuliza yeye, mume wangu aliutazama mkono wangu wa kushoto, akabana kicheko, akasema ndiyo kwa sauti ya kutetemeka, na watu wakadhani ni woga.