Mbuzi Asiyepewa Dawa

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, ukionekana njiani na mbuzi sita uliitwa mlanguzi. Mimi nikapata wateja ambao hata katibu wa tawi aliwapisha: watafiti wa malale, waliojenga banda nje kidogo ya Korogwe. Mbuzi walewale, njia ileile, ila sasa najenga taifa.

Niliwakusanya Kabuku. Wa mwisho alikuwa beberu mweusi wa mama mmoja mjane, ambaye mumewe alikufa kwa malale. Bei hakubisha, nami mtu asipobisha humkagua mbuzi mara ya pili. Alikuwa na sharti moja.

"Mwanangu, asife kibudu."

"Mama, huyu haliwi. Anatiwa ugonjwa, kisha anazikwa."

"Sijasema aliwe. Nimemlea kwa mkono, asiachwe kujifia kama kitu kilichotupwa. Siku akishindwa, kisu na bismillahi. Nimewauzia mbuzi, kifo chake sijawauzia."

Nikaitikia. Kuitikia hakuna nauli.

Bandani, mtaalamu, kijana aliyerudi masomoni si zamani, alinieleza kazi yao. Mbuzi wote wataumwa na mbung'o wenye ugonjwa. Nusu watapewa dawa mpya, nusu hawatapewa, ili tofauti ionekane. Walipiga kura, na yule mweusi akaangukia kwa wasiopewa. Nikamtajia sharti la mama.

"Haiwezekani, ndugu. Asiyepewa lazima tumwone mpaka mwisho."

Nilipopita tena baada ya wiki kadhaa, yule mweusi alikuwa amelala ubavu, manyoya yamesimama, mabega yametokeza. Mhudumu alikuwa akimgeuza asipate vidonda. Nikamtuma utingo wa basi apeleke habari Kabuku.

Kesho yake mama akafika na fungu la majani ya kunde. Mbuzi aliyanusa, akarudisha kidevu chini.

"Shikamoo, mama," mtaalamu akasema.

"Marahaba. Mbona huyu hapewi dawa?"

"Bila asiyepewa, mama, hatujui aliyepewa kaponywa na nini. Dawa hii kesho atachomwa mtu."

"Mume wangu alichomwa dawa ikamuunguza mkono mzima. Kwa hiyo jaribuni, sikatai. Lakini sasa hivi unangoja kujua nini? Kwamba atakufa?"

Mtaalamu akanitazama kama niliyemletea mzigo asioagiza. Nikaona hapa lugha ya sokoni itafaa.

"Ndugu, mbuzi wa awamu ijayo utawatoa wapi?"

"Si kwako?"

"Na mimi nawatoa kwa watu kama huyu. Habari ya kibudu ikitangulia Kabuku, utakuja kuwaambukiza kuku."

Mhudumu akacheka, akajifanya anakohoa. Mtaalamu alichuchumaa karibu na mbuzi, akamwinua kwa mikono miwili. Mbuzi akaanguka palepale. Akamwinua tena, akaanguka tena.

"Nitoe damu kwanza," akasema. "Halafu mchinje. Kuanzia leo, asiyeweza kusimama kula, kwake huo ndio mwisho."

Alipomaliza na sindano alishika miguu ya nyuma yeye mwenyewe, na koti lake jeupe. Mimi nikachinja. Tukamfukia kwenye shimo refu, mama akasimama mpaka udongo ukasawazika.

"Dawa imepatikana?" akamuuliza.

"Bado hatujui, mama."

"Afadhali umesema kweli."

Kwenye basi, tulipopita Segera, mama akanigeukia.

"Na wale mbuzi wengine, wenyewe uliwaambia?"

"Hawakuuliza, mama."

"Mimi niliuliza kwa kuwa nimeuguza. Wao watajuaje la kuuliza?"

Nilikuwa nimepanga kupitiliza, niuwahi mnada. Nikashuka naye Kabuku, nikaanza kupita nyumba kwa nyumba kwa walioniuzia. Mmoja alisema mbuzi akishauzwa ni wa mnunuzi, hata akimvalisha suruali. Wengine walitaka kisu, kama mama. Mzee wa nyumba ya mwisho aliuliza kama ngozi itarudi. Nikamwambia hairudi.

"Basi nirudishie mbuzi wangu."

Nikamweleza kwamba ameshaumwa na mbung'o, hawezi kutoka tena. Akaingia ndani na kufunga mlango. Kwake sikununua tena mbuzi, na tangu hapo, kabla ya kutaja bei, nilianza kwa kusema mnyama atakufaje. Wengi walikubali. Wachache walinirudishia kamba, wakabaki na mbuzi wao.