Dawa Iliyoshikwa

Malaria iliponilaza hapa Rumonge, kando ya ziwa, kwenye kituo cha afya walinitundikia dripu ya serumu yenye kinini, dawa ya malaria. Naishi na mama mdogo tangu tutoke Kivu. Kila asubuhi alimaliza kuanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, akaja na chupa ya chai chungu ya maganda ya kenkina, mti ule ule unaotoa kinini.

"Kunywa, mutoto wangu. Wao wanaupitisha ku mshipa, mimi naupitisha ku mdomo. Itakuwa haraka."

Nilikunywa. Siku ya pili masikio yakaanza kuvuma kama mashine ya kukamua mawese, na sauti za watu zikaenda mbali. Sikumwambia mtu. Kusema mbele ya watu hunitoa jasho, kwa hiyo kila nilipoulizwa kitu nilitikisa kichwa tu.

Muuguzi ndiye aliyegundua. Aliniuliza kama nimekula, nikamjibu, "Amahoro," kama mtu aliyesalimiwa. Chumba kizima kikacheka. Ndipo alipoiona chupa, akainusa, akanifuata sikioni na kupaza sauti:

"Dawa ikiingia ndani ya damu, nyingi inashikwa na protini! Iliyoshikwa inangoja. Iliyobaki huru ndiyo inapiga malaria, na ndiyo hiyo inapiga masikio! Sasa mumeongeza nyingine, ya huru imezidi!"

Mama wa kitanda cha jirani akapaza sauti naye, "Imeshikwa? Iliiba nini?"

Walicheka tena. Mama mdogo hakucheka. Nilimwona akiuliza kitu, na kwa midomo yake nikajua ni hiki: atasikia tena? Jibu sikulisikia. Niliona tu mkono wa muuguzi ukiyumba huku na huku: labda ndiyo, labda hapana.

Serumu ilibadilishwa, chai ikamwagwa, homa ikapoa. Nilirudi nyumbani na ule mvumo. Ziwa lilikuwa linapiga mchanga bila sauti. Majirani waliacha kunisalimu kwa mdomo, wakainua mikono, kisha wengine wakaacha hata kuinua mikono. Nilikaa kando ya meza za kuanikia ndagala nikigeuza samaki, nikijiuliza kama dunia itabaki hivi.

Siku moja mchana nikasikia kitu kinakwaruza. Ilikuwa mikono yangu mwenyewe juu ya wavu wa meza. Halafu nikasikia sauti nyuma yangu. Mama mdogo alikuwa akiongea na mgongo wangu, kama mtu aliyezoea kufanya hivyo.

"Nilitaka upone haraka kuliko kwa dawa yao tu. Nilikuchukua muzima ku mikono ya mama yako, sasa nitamwambia nini?"

Niligeuka. Mara moja akanionyesha kwa kidole kapu nilisogeze.

"Mama," nikasema, "nasikia."

Nilisema kwa sauti yangu ya siku zote, na upepo ulikuwa mwingi. Hakusikia. Alionyesha kapu tena. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti mbele ya wanawake wote wa ufukweni.