Muhogo wa Nazi Kwenye Matumbawe

Mama alikuwa na sababu ya kuiogopa bahari. Kaka yake aliwahi kuzamia kamba kochi akivuta hewa ya kompresa kwa mpira, akarudi masikio yameharibika, na mpaka leo ukitaka kumsalimia lazima umguse bega. Kwa hiyo nilipomwambia, dukani kwetu Kariakoo, kwamba nimepata nafasi ya kujifunza kuzamia na mtungi wa hewa kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari, alimaliza kwanza kukunja kitenge ndipo akanijibu.

"Nenda siku moja. Ukirudi unaumwa, bahari basi. Unarudi dukani."

Na kwetu mtu hatoki safari na njaa. Alfajiri ile alinipakulia muhogo wa nazi, akanisimamia mpaka maua ya sahani yakaonekana. Mwalimu wa kuzamia alikuwa ameniambia nile kidogo. Lakini nani amwambie hivyo mama aliyeamka gizani kukuna nazi?

Tulipofika chini ya maji, muhogo ukaanza kupanda. Nasema kweli, niliogopa kufa. Mwalimu wangu, mwanamke wa Kilimanjaro aliyejifunza kuogelea ukubwani, alinibania kidude cha kupumulia mdomoni, mkono wa pili akanishika bega, akaniacha nitapike humo humo mpaka nikamaliza. Kisha nikavuta hewa, ikaja.

Nilipofumbua macho, samaki wadogo wenye milia walikuwa wamenizunguka, wanagombania muhogo wa mama. Akapita na pono mkubwa, samaki wa aina niliyoizoea soko la Feri, juu ya meza, jicho limekauka. Huyu alinitazama bila wasiwasi, kwani pale haruhusiwi mtu kumvua. Nilicheka mpaka maji yakaingia kwenye miwani.

Siku hizi nami nafundisha kule, na kila nikimshikia mwanafunzi kidude mdomoni, namwombea heri yule mwanamke. Namshukuru sana. Ila siku ile shukrani ilikuwa bado, kwa sababu jioni ilibidi kwanza nimjibu mama, nikamkuta anafunga duka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeumwa?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Nikaumeza, nikamweleza yote: nilivyotapika, aliyenishika, na waliokula. Alifunga kufuli moja baada ya jingine.

"Walikula wakamaliza?"

"Hawakubakisha, mama."

Akatia funguo kwenye pochi.

"Basi siku ya kwenda tena utakula ukirudi. Na huyo mwalimu uje naye, hajaonja muhogo wangu."