Joto la Chumba cha Mabati

Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa wakati wa jua la Februari, miaka ya themanini ikielekea kuisha. Binti yangu na mume wake walikuwa wamepanga chumba kimoja Migosi, mtaa wa mjini karibu na ziwa, ukuta mabati, paa mabati. Mtoto alipofikisha wiki mbili, nikatoka nyumbani, upande wa Otonglo, na kuku, unga wa wimbi na jamvi la mafunjo nililosuka mwenyewe.

Nilifika mchana. Mlango umefungwa, dirisha limefungwa. Nikabisha.

"Karibu ndani, Mama," binti yangu akasema, akifungua mlango kidogo.

"Ndani naingiaje? Umesahau mimi ni nani hapa?"

Kwetu Wajaluo, mama mkwe haingii tu nyumba ya mkwe wake. Kuna mambo watu wa pande mbili humaliza kwanza, na yetu yalikuwa hayajamalizwa. Kwa hivyo nilisimama nje, na joto la chumba kile likanipiga usoni kama nimefunua sufuria ya maharagwe.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala. Leo ametulia sana."

"Ametulia namna gani? Mlete hapa."

Akamleta. Sweta, kofia ya uzi, shali mbili. Uso ulikuwa mwekundu, midomo imekauka. Nilimfinya unyayo. Akafungua jicho moja, akalifunga. Nikashika nepi. Kavu.

"Amekojoa saa ngapi?"

Binti yangu akatazama chini. "Asubuhi sana. Watu waliniambia upepo ni mbaya, Mama. Ati utamwingia kifuani."

"Na joto hili, linamwingia wapi?"

Sikumpa nafasi ya kulia. Nilimvua mtoto kila kitu, nikamwachia nepi tu. Nilimwambia mama yake afungue mlango kabisa na dirisha, alete karai la maji, si ya baridi kali. Jamvi langu nikalitundika kwenye kamba ya nguo likazuia jua, na leso yangu nikailowesha, nikaitundika kando, upande ambao upepo wa ziwa huingilia alasiri. Tukakaa chini ya hapo kama watu wa sokoni. Nikampangusa mtoto kichwa, shingo, makwapa, polepole.

Jirani mmoja akatoka na kikombe. "Mama, mpe maji ya sukari kidogo."

"Wiki mbili? Huyu maji yake yako kifuani kwa mama yake. Hicho kikombe mpe mama."

Jirani akacheka. "Basi leo Migosi tumeletewa mkutano wa chifu."

"Kaa, basi, usikilize."

Binti yangu alikunywa, kisha akajaribu kunyonyesha. Mtoto alishika titi, akaliacha. Nikampangusa tena. Tukajaribu tena. Safari hii alinyonya kidogo, na nikasikia akimeza. Lakini nepi ilibaki kavu, na mimi sikuwa tayari kukaa hapo nikibahatisha na mtoto wa watu.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Tunaenda dispensari."

Ni hapo mkwe wangu alipoingia ua wa ploti ile ya vyumba vya kupanga, anatoka kazini na shati jeupe lililopigwa pasi. Akaona jamvi kwenye kamba, mke wake chini, mama mkwe wake bila leso. Akasimama mbali kwa heshima, akaangalia pembeni.

"Mama, habari ya huko? Nyumba imeungua?"

"Haijaungua. Ilikuwa inapika mtoto."

Hakubishana, na kwa hilo nilimpenda. Aliuliza jambo moja tu: "Yuko hai?"

"Yuko hai, lakini hajakojoa tangu asubuhi. Wewe una miguu mirefu. Mchukue utangulie, sisi tuko nyuma. Mfunike jua kwa leso, usimfunge."

Akamchukua, akamweka kifuani. Alikuwa hajafika hata bomba la maji la ploti tulipomwona amesimama ghafla. Shati jeupe lilikuwa limelowa kutoka kifuani mpaka kwenye mshipi.

"Mama," akaita. "Amenikojolea!"

Jirani akapiga kigelegele. Binti yangu akalia sasa, nami nikamwachia alie. Mimi, ambaye sikuwa nimewahi kuonyesha meno mbele ya mkwe, nilicheka mpaka nikashika ukuta, nao ukaniunguza kiganja.

"Unasimama nini?" nikamwambia. "Dispensari iko pale pale. Nenda."

Akaenda hivyo hivyo, hakubadilisha shati. Nesi alimpima mtoto, akasema anyonye mara kwa mara na ile sweta ikae sandukuni. Kwenye benchi mtoto akaanza kulia kwa hasira, sauti ya kujaza chumba, na baba yake akawa anawatazama watu kama ameshinda uchaguzi.

Jumamosi mkwe wangu alikuja Otonglo kutafuta majamvi ya kuweka chini ya paa. Nilimchagulia yaliyo mazito.