Pete Kwenye Shina la Nyanya

Mama alishuka kutoka Masisi na mbegu za nyanya zikiwa zimefungwa kwenye pembe ya kitenge chake. Zilikuwa za shamba la baba yake, huko mlimani ambako hatuwezi tena kurudi. Kila msimu alizipanda hapa Munigi, kwenye udongo tuliobeba kwa magunia na kuumwaga juu ya mawe ya volkano, kisha akaanika nyingine za kuweka. Msimu huo panya walikuwa wamekula akiba, basi alipanda zote zilizobaki. Nyanya zikifa, mbegu ya babu imekwisha.

Wakaja inzi weupe, wadogo kama chembe za unga. Agronomu wa mtaa, bwana shamba mpole, alileta chupa yenye wadudu wa kijani, wembamba, miguu kama nywele. Alisema wanawafyonza inzi weupe mpaka yanabaki maganda, na kwamba mmea wenyewe pia huunyonya, ila kidogo. Mimi sikuwapenda. Walikuwa watulivu mno.

Sasa, kwetu mgeni hapokelewi kwenye uchafu. Wale wa kijani walipofunguliwa tu, Mama alifagia kati ya mistari, akachukua kitambaa na maji ya sabuni, akapangusa jani moja moja, juu na chini, siku baada ya siku. Nilimtania kwamba angewatandikia na kitanda. Aliuacha mche mmoja tu, ulioota wenyewe nyuma ya choo, kwa kuwa huko mgeni hapelekwi.

Inzi weupe wakaisha. Tulitoa shukrani kanisani.

Kisha asubuhi moja, ukungu ukiwa bado chini, niliona vichwa vya nyanya vimeinama. Kila shina lilikuwa na pete ya kahawia, kama limekazwa kwa uzi. Nilishika kimoja, kikabaki mkononi. Upepo haukuwapo. Maua nayo yalidondoka juu ya mawe meusi huku tukiyatazama. Jirani yetu, mama mmoja wa Rutshuru, alisema ni mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kuua mbuzi bila kidonda. Lakini mazuku hulala chini, na nyanya zetu zilikuwa zinakufa kuanzia juu. Basi akasema ni mkono wa mtu, na akaacha kuingia uani kwetu.

Niliogopa, sifichi. Nilihisi tunatazamwa. Nilipoinua jani nikawaona wale wa kijani wamejipanga kwenye shina, midomo imezama ndani, wala hawakukimbia.

Agronomu alipoitwa, aliuliza kwanza inzi weupe wamekwenda wapi. Mama akamwonyesha kitambaa chake kwa fahari. Yule bwana aliinamisha kichwa kabla ya kusema.

“Mama, bile bidudu byeupe ndiyo ilikuwa chakula ya bale ba kijani. Sasa banakula nyanya.”

Mama alikwenda nyuma ya choo. Mche ule ulikuwa umesimama, mchafu, umejaa inzi weupe, na wale wa kijani wakitembea kati yao. Shina halikuwa na pete hata moja. Lilikuwa na matunda matatu mabichi.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa jirani kuomba majani yenye inzi weupe. Jirani alidhani huzuni imempanda kichwani, lakini alimpa. Mama akayaweka chini ya mche kwa mikono miwili, kama anavyomwandalia mkwe.

“Mulinzi akikosa chakula, atakukula weye,” aliniambia bila kugeuka.

Matunda yale yaliiva, na mbegu ziko kwenye pembe ya kitenge kile kile. Nyingine amezipanda. Kila asubuhi, kabla sisi hatujanywa chai, anapita kwa majirani kuomba majani, na kila mara anarudi na machache kuliko jana, maana inzi weupe wanapungua kwao pia. Mimi humfuata nyuma, nikipitisha kidole kwenye mashina, nikitafuta pete.