Mshono Uliopinda Kwenye Pazia la Mama

Cherehani ya marehemu mama yetu ilianza kumtafuta dada yangu mchana kweupe, wateja wakiwa wamekaa kwenye benchi.

Sitanii. Mimi ni mtu wa maombi, wala sibebwi na kila uvumi. Kwa umri huu bado nabeba mkoba kwenda masomo ya jioni. Lakini siku ile mwili ulinisisimka.

Ngoja nianze na mama.

Cherehani yake nyeusi ya kukanyaga ndiyo iliyotulea. Alianguka akiwa juu yake, anashona pazia la mteja. Tulipomwinua, pazia likabaki limebanwa chini ya sindano.

Mshono ulikuwa umenyooka vizuri, kama kawaida yake. Halafu ghafla ukapinda, ukatoka nje ya mstari wa chaki, ukaenda kuishia ukingoni.

Mama hakuamka tena. Wengine wakasema presha. Wengine wakasema katupiwa kitu. Sisi tukazika, tukalia, tukarudi kazini. Dada akakalia cherehani ile, mimi nikakaa na ndogo yangu pembeni yake.

Pazia hatukulimaliza. Kulitupa nako tukashindwa.

Sasa siku hiyo Dada alikuwa anashona gauni la bi harusi mmoja mcheshi.

"Fundi, usinibane kiunoni. Siku hiyo nataka kula."

"Ukipasuka, mwanangu, usinilaumu mimi. Mlaumu mpishi."

Tukacheka wote. Kisha nikasikia cherehani inaendelea kulia, lakini Dada kanyamaza.

Nikageuka. Mguu unakanyaga. Mkono wake wa kushoto, ule unaoongoza kitambaa, umelala juu ya satini nyeupe kama glavu iliyosahauliwa. Na mshono unatoka nje ya chaki.

"Dada."

Mguu ukasimama. Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Baadaye vidole vikaanza kucheza kimoja kimoja.

"Umekufa ganzi tu," akasema. "Nimeulalia."

Nilifungua sanduku, nikatoa pazia la mama, nikalilaza kando ya gauni.

Ulikuwa mpindo uleule. Ungeweza kusema ni mkono mmoja ulioishona yote miwili.

Bi harusi akachukua mkoba wake, akasema atapita kesho. Hakupita. Badala yake ikapita habari mtaani kwamba marehemu mama yetu anataka mwenzake wa kushona huko aliko.

Tukamwita mchungaji. Akaomba kwa machozi, akaipaka cherehani mafuta kuanzia gurudumu hadi pedali.

"Mchungaji, hayo si ya cherehani," Dada akanong'ona. "Itakwama."

Hata mchungaji alitabasamu. Lakini mimi nilikuwa naogopa. Tukaihamishia stoo, tukaifunika kwa pazia lile lile, tukanunua nyingine mpya. Dada akaipenda. Tukamshukuru Mungu kwamba jambo limekwisha.

Jioni moja darasani, mwalimu wetu wa afya akachora mshipa wa damu ubaoni. Akasema presha ikiwa juu kwa muda mrefu, mshipa unachoka, unaharibika ndani kimyakimya. Siku moja unaziba au unapasuka kichwani, na hicho ndicho kiharusi. Uso unashuka upande mmoja. Mkono unakosa nguvu. Maneno yanakwama.

"Kuna kinachokuja na kuondoka," akasema. "Mtu anapona palepale, anashukuru, anaendelea na kazi. Hicho kimekuja kujaribu kitasa, kama mwizi. Msikisubiri kirudi."

Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, tuseme mkono unakufa, halafu unarudi?"

"Hospitali, mama. Siku ileile. Saa ileile."

Nilirudi nyumbani nikimfikiria mama. Alikuwa na dawa za presha. Alizimeza siku ambazo kichwa kilimuuma tu. "Dawa si karanga," alikuwa akisema, "nitafune bila sababu?"

Nikamweleza Dada kila kitu. Alinisikiliza kwa upole, kisha akanipiga kibao cha bega.

"Mdogo wangu, madaftari yamekupanda kichwani. Ile cherehani si tumeshaitoa?"

"Nenda ukapime tu."

"Nikimaliza hizi sare."

Usiku huo niliomba hadi magoti yakauma. Asubuhi nikamkuta keshakaa, anashona sare ya shule kwenye cherehani mpya. Cherehani ambayo hakuna marehemu aliyewahi kuigusa.

Nikasikia inalia bila kupumzika.

Nilijua kabla sijageuka.

Mkono umelala. Mshono unaelekea ukingoni. Na safari hii akanigeuzia uso, mdomo umeshuka upande wa kushoto, akasema kitu ambacho sikukielewa, kama mtu mwenye ugali wa moto kinywani.

Niliita teksi. Nikafunga duka nusu, nikamshika kiuno. Tulipofika mlangoni uso ukarudi, akanyoosha vidole, akapumua.

"Imepita," akasema. "Mshukuru Mungu. Turudi ndani tuombe."

"Tutaomba njiani."

"Na nguo za watu?"

"Zitasubiri. Pazia la mama si linasubiri mpaka leo?"

Akanitazama. Akaingia kwenye gari.

Hospitalini daktari alimpima, akampeleka kwenye mashine ya picha za kichwa, akamwanzishia dawa. Presha yake ilikuwa juu ajabu. Akasema yale mawili yalikuwa maonyo, na mara nyingi la tatu halionyi.

"Mama yenu alifariki kwa nini?"

Tukatazamana.

"Alikuwa anashona," Dada akasema. Ndipo akalia.

Cherehani haikuwa na kosa. Kilichokuwa kinamtafuta hakikukaa stoo. Alikuwa nacho mwilini, akihama nacho kiti hadi kiti.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Nilikuwa nimeshaanza kushukuru moyoni pale nesi aliponivutia kiti.

"Na wewe kaa, nikupime."

"Mimi mzima, dada yangu. Nimesindikiza tu."

"Wazima ndio wanaosindikiza. Kaa."

Akanifunga kitambaa cha kipimo mkononi. Akasoma. Akaniomba nitulie kidogo, akapima tena, akahamia mkono wa pili. Kisha akamwita daktari.

Yangu ilikuwa juu kuliko ya Dada.

Sikuwa na maumivu ya kichwa. Sikuwa na ganzi. Nilikuwa nimetembea nayo sokoni, darasani, magotini kwenye maombi.

Leo Dada anashona. Tunameza dawa kila siku, kichwa kiume kisiume, na tumepunguza chumvi. Jioni tunatembea kwa miguu, yeye akinitania kwamba namchelewesha. Cherehani ya mama tumeirudisha mahali pake. Pazia nimelitundika ukutani, na Dada alipotaka kuufumua ule mshono nilimkatalia.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna aliyeanguka ghafla, usimtafute mchawi kabla hujatafuta kipimo cha presha. Ukipewa dawa, usiziache kwa sababu unajisikia vizuri. Na ukiona uso, mkono au ulimi wa mtu umebadilika, hata kwa dakika chache, mkimbize hospitali. Ombeni, lakini ombeni mkiwa njiani.

Mimi mwenyewe bado naomba kila asubuhi kabla ya kukanyaga. Kisha nashona mstari mmoja kwenye kipande cha kitambaa, nauinua kwenye mwanga.

Umenyooka. Haujawahi kupinda, hata siku ile nesi aliponipima mara tatu, presha ikiwa juu kuliko ya Dada.

Hicho ndicho kinachonitisha.