Nilivyokunywa uji wa mgonjwa Kilosa, na Mngoni aliyenisamehe kwa matusi

Salaam kwenu wakuu. Wengi humu ni umri wa wajukuu zangu, lakini desturi ya jukwaa ni "wakuu", basi nami nawaita hivyo hivyo.

Juzi kijana mmoja alipandisha uzi akiuliza: mtu akijitolea kwenye kikundi kidogo cha mtaani, bila posho wala cheti, anapata nini hasa? Nikasoma komenti, nyingi zilikuwa kejeli tupu. Nikasema ngoja nieleze yaliyonikuta mimi.

Sitaongeza chumvi. Kuna sehemu inanitia aibu mpaka leo, na ningekuwa natunga ningeiondoa.

Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Mwingereza bado yupo, na mkonge ndio habari ya mjini. Mimi nina miaka kumi na tisa hivi. Shule niliacha darasa la nne. Akili nilikuwa nayo, ila kukaa nilikuwa siwezi. Mwalimu akigeukia ubao, mimi niko dirishani nataka kujua lile lori linakwenda wapi.

Asubuhi moja kwetu Iringa nikaamka, nikanawa uso, nikavaa shati langu la pekee nikatoka. Mama akaniuliza, "Unakwenda wapi?"

Nikamjibu, "Nakuja."

Lori la mahindi likanishusha Mikumi. Wakati huo pori lile halijawa hifadhi, na pale barabarani hakukuwa na magesti mnayoyaona leo. Vibanda tu na wauza ndizi. Nikaona njia inachepuka, nikauliza inakwenda wapi. Wakaniambia Kilosa, kwenye mashamba ya mkonge.

Sikuwa na shughuli yoyote Kilosa. Ndiyo maana nikaenda.

Nilifika sijala tangu jana yake asubuhi. Nikalala kwenye baraza la duka karibu na stesheni. Kulipokucha nikaona wanawake wawili wamebeba sufuria kubwa, wamepitisha mti kwenye vishikio vyake, mmoja mbele mwingine nyuma. Uji unatoa moshi.

Nikawafuata. Njaa ilinisukuma, lakini na udadisi pia.

"Shikamoo mama. Uji huo unapelekwa wapi?"

Wa mbele akanitazama kuanzia miguuni. "Marahaba. Unapelekwa kwa wasio na mtu. Una nguvu wewe?"

"Ninazo."

"Basi mpokee mwenzangu huko nyuma. Mengine utauliza njiani."

Huyo ndiye Bi Mwanaidi. Kwao ni watu wa zamani wa pale pale, wakulima wa mpunga na mahindi kandokando ya mto Mkondoa.

Kwa wasiojua: mashambani walikuwepo manamba, yaani vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka mbali. Songea, Kigoma, hata Urundi. Manamba akiugua alilazwa wodi ya shamba. Dawa atapata, lakini uji wa moto na mtu wa kumwambia "kula baba" hana, jamaa zake wako safari ya siku nyingi.

Bi Mwanaidi na wenzake kama wanane, Waislamu na Wakristo, walikuwa wanachangishana unga na kupika kila asubuhi. Hawakuwa na jina la chama wala muhuri. Watu waliwaita tu watu wa uji.

Sheria yao ilikuwa moja. Ukimpa mgonjwa bakuli, unakaa naye mpaka limalizike. Huliweki ukaondoka.

Mimi nikapewa mgonjwa wa kitanda cha mwisho, Mzee Gama. Mkono wake wa kulia ulikatwa na mashine ya kusindika mkonge. Tuliita korona. Ndiyo wakuu, korona, miaka mingi kabla ya barakoa.

Mkono ulikatikia juu kidogo ya kifundo. Kidonda kilikuwa kinapona, lakini mwenyewe alikuwa hataki kula. Amegeukia ukuta, mbavu unazihesabu.

Nikamsogezea kijiko. Akafunga mdomo.

"Mimi si mtoto wa kulishwa," akasema.

Nikamwekea bakuli karibu na mkono wa kushoto. Akauvuta mkono ndani ya blanketi.

"Huu nao unajua kazi yake. Kunywa wewe, kijana. Naona njaa imekukalia usoni."

Wakuu, nilikunywa.

Nikalamba na bakuli. Nikarudi kwa Bi Mwanaidi na bakuli tupu, akaniuliza, "Amemaliza?" Nikasema, "Amemaliza." Akanipa pole na kipande cha muhogo juu yake.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo. Nilijiambia mwenyewe amenipa kwa hiari yake, mimi kosa langu liko wapi? Na nilikuwa nimeshapanga kudandia treni kwenda zangu bara, kwa hiyo niliona hayanihusu.

Siku ya nne dresa, yule mfanyakazi wa kufunga vidonda, akamwita Bi Mwanaidi mlangoni. Mimi niko nyuma nimeshika mti wa sufuria.

"Mama, yule Gama hafiki wiki ijayo. Hana kitu tumboni."

"Hawezi kuwa hana kitu," akasema Bi Mwanaidi. "Bakuli lake linarudi tupu kila siku."

Hakunigeukia haraka. Aliponigeukia, nilikuwa nimeshainamisha kichwa.

Nikamweleza yote pale pale, dresa akisikia. Nilingoja kofi. Kwa kweli kofi ningelipenda zaidi.

"Ulikuwa na njaa kiasi hicho na hukusema?" akaniuliza.

Nikaukazia macho mti wa sufuria.

"Rudi nami nyumbani. Leo Gama hapewi uji. Nitasonga ugali, sahani moja, mle wote wawili. Na wewe usishibe kabla yake."

Mchana nikaingia wodini na ugali na kunde. Nikaweka sahani kitandani, nikakaa. Miguu inawasha kutaka kuondoka, lakini nikakaa.

Nikaanza na shikamoo. Akaitikia bila kugeuka. Nikamwambia, "Mzee, nimesema ukweli. Wameshajua uji nilikuwa nakunywa mimi."

Akajivutia blanketi begani.

"Kwenu wapi?" nikauliza, maana nilikuwa sijawahi hata kumuuliza. Siku tatu nakula chakula cha mtu sijui kwao.

"Songea."

"Mngoni?"

"Ulitaka niwe nani? Wewe je?"

"Mhehe. Iringa."

Mzee Gama akageuka taratibu. Mara ya kwanza nikauona uso wake wote.

"Mhehe," akasema. "Kumbe. Nilikuwa najiuliza ni mwizi wa aina gani huyu anayeiba uji wa mgonjwa. Ungesema mapema."

Wanaojua utani wa Wangoni na Wahehe wameshaelewa. Babu zetu walipigana, na tangu hapo tumepewa ruhusa ya kutukanana bila mtu kuchukia. Na mtani wako akikosa nguo utamvisha, akifa utamzika.

Nikamjibu kama nilivyofundishwa kwetu. "Mzee, tuliwafukuza vitani mkakimbia mpaka Songea, hamjageuka nyuma hata leo. Sasa ugali nao mnaukimbia?"

"Tulikimbia? Nani alijificha mapangoni?"

"Kula basi ndio tubishane. Mfu habishani."

Akautazama mkono wake uliofungwa bandeji. Akasema polepole, si kwa utani, "Nitarudi vipi kwa mke wangu nikakae naye kwenye sahani na mkono huu wa kushoto?"

Nikafanya kitu cha kwanza kilichonijia. Nikaweka mkono wangu wa kulia nyuma ya mgongo, nikamega ugali kwa kushoto.

Jirani wa kitanda cha pili akasema, "Astaghfirullah," akageukia kule.

Wakuu, kumega ugali kwa kushoto wakati hujazoea ni shughuli. Tonge halikazi. Kunde zikanimwagikia shati langu la pekee, nyingine kwenye sikio.

Mzee Gama ananitazama tu. Mwishowe akasema, "Mhehe, hata mdomo wako hujui ulipo."

"Nioneshe wewe unayejua."

Akautoa mkono chini ya blanketi. Akamega tonge dogo, likaanguka. Akamega jingine, likafika.

Akatafuna muda mrefu, macho yamejaa. Mimi nikajifanya natafuta kunde kwenye shati.

Tulikula hivyo mpaka sahani ikaisha, tukitukanana. Sikujua Bi Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni. Nikaogopa, maana yule mama adabu ya mezani kwake haikuwa na mchezo.

Akaja na birika na beseni. Akammiminia Mzee Gama maji kwenye mkono wa kushoto, akamsugulia vidole kimoja kimoja, akamfuta kwa ncha ya khanga. Halafu akanigeukia mimi. Nikatoa wa kulia.

"Uliokula nao," akasema.

Nikatoa wa kushoto.

Tunatoka, Mzee Gama akaita nyuma yetu, "Mama, kesho mlete tena mwizi wangu."

Treni niliyoipanga ilipita alasiri ile ile. Niliisikia. Mimi nilikuwa uani kwa Bi Mwanaidi namuuliza kama ana pahali pa kulala.

"Pa usiku mmoja?"

"Mpaka Mngoni apone."

Akanionesha chumba walichokuwa wanalaza kuku. Akanipa ufagio. "Kuku watahamia jikoni," akasema. Nikafagia mpaka magharibi, nikatandika mkeka, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke kwetu nikaning'iniza shati ukutani kama mtu anayekaa.

Mzee Gama alipona, akarudi kwao. Mimi nilibaki na watu wa uji karibu miaka mitatu.

Kijana uliyeuliza faida: cheti sikupata. Nilijua tu kwamba naweza kukaa kwenye kigoda kimoja mpaka mwenzangu amalize kula, mimi ambaye darasa lilinishinda. Hicho ndicho nilichopata, na mke wangu na watoto wamekila maisha yao yote. Ukijitolea, kwanza uliza jina la mtu na kwao. Mimi nilichelewa siku tatu, na za Mzee Gama zilibaki chache.

Waliowahi kubeba sufuria za watu, leteni yenu hapa chini. Wangoni najua mtaanza na matusi. Karibuni, niko macho nasoma.